Mrudishieni Binti Ngurumo Joho Lake

Ndugu Mhariri wa Jarida la Katuni,

Yah: Kuvuliwa joho kwa Binti Ngurumo bila ridhaa ya wasomaji

Natumai wewe na wenzako ofisini hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu. Tangu Binti Ngurumo mpya atoke, miezi mitatu sasa, chakula hakinipiti, na juzi nilimshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mimi, fundi ambaye mtaa mzima unaniita Milimita!

Umetangaza ukurasa wa pili kwamba wasomaji tutoe maoni hadi mwisho wa mwezi, na kwamba wanaompinga Binti mpya wakiwa wengi, wa zamani atarudi na mchoraji mpya ataagwa kwa heshima. Umefanya la maana. Nikuambie mapema usije ukasikia kwa watu: mchoraji huyo ni mwanangu, kitindamimba wangu. Hilo lisikutie shaka. Penye haki mimi sina mtoto. Isitoshe, nyumbani siwezi kulisema, maana mama yake amepiga marufuku kumtaja Binti Ngurumo mezani tangu siku niliyogonga meza mchuzi ukaruka hadi ukutani. Sasa mimi na mwanangu tunaombana chumvi kwa kupitia kwa mama yake, na malalamiko nayaleta kwako kwa njia ya posta.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Joho. Kwa miaka thelathini Binti Ngurumo ameruka na joho jekundu. Nalijua joho lile kuliko ninavyolijua shati langu: mita nne na robo, limekatwa mshazari ili lipepee, pindo la vidole viwili, vifungo viwili mabegani. Nilianza kumsoma nikiwa mwanafunzi wa cherehani, na mwanangu nilimfundisha kusoma kwa katuni hizo hizo, amekaa juu ya robota la vitambaa, miguu haigusi sakafu. Leo amemvua joho. Sababu, ukurasa wa tatu, ati lilinaswa na mlango wa lifti. Ndugu Mhariri, joho lililokatwa vizuri halinaswi na lifti. Angeniuliza ningemweleza. Hakuniuliza, na tangu aanze kazi hiyo hajaniuliza kitu chochote.

2. Viatu. Zamani alipigana na majitu juu ya mapaa ya bati kwa visigino vya inchi nne, na hakuteguka hata siku moja. Sasa amevalishwa raba. Shujaa gani huyo anavaa viatu vinavyomkaa vizuri? Viatu vya kukaa vizuri tunavaa sisi, na hakuna aliyewahi kutuchora.

3. Mifuko. Suruali yake ina mifuko minne, nimeihesabu kwa kioo cha kukuzia. Ndani mna funguo, kitambaa cha jasho na vidonge vya mgongo. Kumbe anatoka jasho! Kumbe mgongo unamuuma! Miaka thelathini hatukuambiwa. Nakiri kwamba mifuko yenyewe imechorwa na mtu anayejua kushona, maana pembe zimekazwa mara mbili, lakini hilo halihusiani na barua hii.

4. Kuomba msaada. Toleo la pili, basi limetumbukia mtaroni. Binti analinyanyua, linamshinda, anaita majirani. Wanakuja muuza duka, mwalimu wa hesabu, na kinyozi na taulo lake begani, wanalinyanyua pamoja, basi linatoka. Hebu tufikiri kama watu wazima. Ikiwa majirani wanaweza kunyanyua basi, shujaa ni wa nini? Shujaa akikosa kazi, jarida litafungwa. Jarida likifungwa, utashinda nyumbani. Ukishinda nyumbani utaanza kumpangia mkeo vyombo jikoni, mtagombana, watoto watakosa malezi, watakuwa majambazi na kuupora mji. Tutapiga yowe, na Binti Ngurumo atatujibu kwamba mgongo unamuuma. Usicheke. Madhara yameshaanza kwangu: mke wangu alipomaliza kusoma toleo hilo aliita majirani, wakasogeza kabati kubwa la karakana kwa dakika tano. Kabati hilo nilikuwa nimeahidi kulisogeza mimi tangu mwaka juzi.

5. Adui. Hili naomba ulisome umekaa. Zamani adui alikuwa jitu la chuma kutoka sayari nyingine, halimhusu mtu. Sasa adui anaitwa Mzee Kipimo. Ana futi shingoni na penseli sikioni, anataka watu wote wa mji wakatwe kwa kipimo kimoja, na anatafuta miwani huku ameipandisha kwenye paji la uso. Akikasirika anagonga meza.

Mimi sijasema ni mimi. Wanaosema ni wateja. Kinyozi wetu ananiamkia shikamoo Mzee Kipimo, na watoto wa jirani wakiniona na mkasi wanatimua mbio huku wakicheka. Nilimuuliza mke wangu kama kuna mfanano. Akanitazama, akalitazama jarida, akasema anaenda kubandika maji. Nilimsikia akicheka jikoni peke yake.

Kejeli nimezizoea, fundi hawezi kuishi bila wateja wenye midomo. Lakini nimepitia kurasa thelathini na mbili na hakuna hata mtu mmoja anayempenda Mzee Kipimo. Anakula peke yake, sahani moja, kijiko kimoja. Inaniuma, Ndugu Mhariri, nisikufiche. Kama mwanangu ananiona hivyo ningependa kujua, ila kumuuliza siwezi. Mdomo unakuwa mzito, na baba mtu mzima haanzi mambo hayo.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: joho lirudi, visigino virudi, mifuko izibwe, basi libaki mtaroni mpaka Binti alitoe mwenyewe, na Mzee Kipimo ahamie sayari nyingine. Mchoraji mpya aagwe kama ulivyotangaza, lakini kwa maneno mazuri, na asiambiwe ni nani aliyeandika.

Nisalimie mpiga chapa, mlinzi wa getini, mama anayewapikia chai, na mchoraji wa vikatuni vya ukurasa wa mwisho, ambaye hajawahi kumuudhi mtu.

Wako katika kutetea ushonaji bora,
Fundi Milimita

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa pasi. Leo asubuhi mwanangu ameshuka karakana na karatasi zake. Alisimama mlangoni kama mteja aliyekuja kudai nguo, kisha akaniambia ameshindwa na mikono ya Mzee Kipimo. Ameichora mara kumi na mbili, kila mara inaonekana kama inapasua samaki. Akaniomba nikate kitambaa kizito polepole ili achore, kwa sababu, alivyosema, mikono ya kukata anayoijua duniani ni hii tu, ndiyo aliyokuwa akiitazama kutwa nzima alipokuwa mdogo. Nimekata hadi adhuhuri. Nimekata hata kitambaa ambacho hakikuwa na mteja. Tumecheka sana, na ameniuliza maswali kumi na saba.

Kwa hiyo barua hii usiihesabu. Usizihesabu pia zile tisa za mwezi uliopita: ya nesi, ya dereva wa lori, za mapacha wenye hasira, na nyingine zote zenye wino wa kijani. Ukilinganisha mwandiko utaelewa. Naomba radhi hasa kwa ile ya mjane aliyesema Binti Ngurumo mpya amemnyima faraja ya mwisho. Mke wangu ameikuta nakala yake na bado hajanisemesha.

Ukishazitoa, na ukaona wanaompinga mwanangu bado ni wengi, tafadhali nipigie simu kabla mwezi haujaisha. Mjane yuko tayari kubadili msimamo.