Kiti Kisichokaliwa

Jumatatu, 9 Machi

Iingie katika kumbukumbu: leo, muda mfupi kabla ya chai, karakana yetu ya samani imepata kiti kipya. Mchoro ni wangu. Daktari wa meno anataka viti vya chumba cha kusubiria wagonjwa, na Ijumaa anakuja kukagua. Tukiikosa oda hii, seremala wangu atahamia kwenye karakana ya jirani, ng'ambo ya barabara. Ameshaniambia, tena kwa upole. Ule upole ndio ulioniuma.

Redioni wamesema kiongozi makini huomba maoni mapema. Nami nitaomba. Kwanza nimekifunga nailoni, kisichafuke.

Jumanne, 10 Machi

Maoni yamemiminika! Seremala alikizunguka, akauliza kama anaweza kukikalia kidogo. Nikamwambia hapana, atoe maoni tu. Akasema basi, kwa kukitazama, hakina neno. Mshonaji wa vitambaa akasifu rangi. Mke wangu, kapu mkononi, akauliza kiti kisichokaliwa ni kiti au ni picha ya ukutani. Maneno ya nyumbani hayo. Sikuyahesabu.

Jumatano, 11 Machi

Balaa. Mama mkwe kapita kutusalimu. Sijamaliza shikamoo, keshakaa. Juu ya nailoni! Na nani wa kumwinua mama mkwe? Akateleza taratibu, magoti mbele, mpaka akadaka meza. Akasema, mwanangu, kiti chako kinanitema. Nikamweleza kwa heshima zote kuwa ni nailoni tu. Haya, akasema, itoe tuone. Nikamwambia mpaka Ijumaa. Akaniangalia kama siku ile nilipokwenda kumwomba binti yake.

Seremala akakohoa. Akashauri tuikate miguu ya nyuma kidogo. Nikamkumbusha kuwa siku ya maoni ilikuwa jana.

Ijumaa, 13 Machi

Mke wangu nimemwambia daktari bado anatafakari. Humu naandika yaliyotokea.

Nailoni niliitoa mwenyewe, kwa madaha. Daktari akakaa, akafungua mdomo kuuliza bei, akaishia sakafuni. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama mkwe, aliyekuja kuona nailoni ikitolewa, ndiye aliyempa mkono, akimwambia pole baba, hata mimi kilinitema. Daktari akauliza lini. Akajibiwa juzi. Akanitazama, akajipangusa suruali, akavuka barabara.

Jioni seremala aliifunga randa yake kwenye kitambaa pamoja na patasi zote. Akanipa mkono. Akasema asante kwa yote, bosi, tutaonana, ni hapo ng'ambo tu. Nikataka kumwambia abaki. Nikamwambia afunge mlango vizuri.

Karakana kimya. Nimekikalia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kizaliwe. Naandika haya nikiwa sakafuni.

Kosa nimeshaliona. Niliomba maoni kiti kikiwa tayari kipo. Kijacho nitayaomba kabla hakijatengenezwa, asipatikane mtu wa kukikalia.