Mkwe Aliyemaliza Chungu

Mwaka ule Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wanafungasha warudi kwao, kijiwe chetu pale Nachingwea kilipata viti vipya: maboksi ya vipuri vya trekta. Sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha Shehe muuza kahawa, akaja Amri anahema. Tulimwita Redio, maana huyo hazimiki.

"Mmesikia? Pipa kalala shambani kwa mama mkwe!"

"Kalala vipi?" akauliza Kornel, anayejiita Dokta kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati.

"Usingizi, bwana! Adhuhuri kweupe, jembe kifuani, mdomo wazi. Kuamshwa tu, kaingia jikoni, kamaliza chungu kizima cha ugali na kisamvu chake. Na ukoko kaukwangua!"

"Jikoni kwa mkwewe? Huyo hana haya wala jamaa wa kumfunza," Dokta akasema.

Tulicheka mpaka Shehe akamwaga kahawa. Pipa ni Adinani, aliyekuwa dobi wa mzungu mmoja na memsahibu mkewe kambini. Alikuwa anamposa Zaitun wa Mbekenyera, na kwetu hupewi binti kwa maneno matamu. Unakwenda kuwalimia wakwe, wauone mgongo wako. Sisi wenyewe ndio tuliomwambia kwamba kwa tumbo lile hatainama.

"Mimi nilimwonya," Dokta akasema. "Memsahibu wake alipoondoka alimwachia chupa ya vidonge vya kupunguza mwili. Nikamwambia, Pipa, hiyo dawa ina mwanzo, na mwisho wake utauona."

"Mwongo mkubwa! Wewe si ulimwomba viwili?" Redio akamkata.

"Vya uchunguzi."

"Lakini kulima alilima," nikasema. "Mwezi mzima hali, halali. Mchana jembe, usiku anakata kuni, na mdomo haufungi. Akiletewa chakula anakisukuma: nimeshiba, mama."

"Chupa ilipoisha?" akadakia Redio. "Katapila la karanga hilo! Juzi linang'oa msitu, leo limelala linasubiri spea!"

Mara Pipa mwenyewe akatokea, katoka kwenye lori la asubuhi. Macho yamevimba, tumbo linarudi kwao. Akajitupa juu ya boksi.

"Chekeni. Nina usingizi, nina njaa, na nikiamka nalia bila sababu. Wakininyima Zaitun nitaishije?"

"Mfuate memsahibu wako Ulaya," Redio akamjibu, "akurudishie njaa yako ya zamani. Hii mpya itatumaliza wilaya nzima!"

Nilimwonea huruma, lakini nilicheka, tusifichane.

Hapo akaingia mzee Bashiri, mshenga wa Pipa, anasukuma baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Tukainuka kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Adinani, nimetumwa na mama yake Zaitun. Anasema mwezi mzima ulikikataa chakula chake, akajua unawaona wachawi. Alikuwa amekwisha kulitenga jembe lako akurudishie, posa iishe."

Pipa akashika kichwa.

"Tulia basi. Juzi umekula mpaka ukoko. Kasema sasa ndiyo amepata mkwe. Ndoa ni baada ya mavuno."

Pipa akaanza kulia. Safari hii sababu aliijua.

"Na ule usingizi je?" akauliza Redio, uso umemshuka.

"Kasema huyo ni mgonjwa, na mgonjwa halimi. Nusu ya shamba iliyobaki watalima rafiki zake, kama ilivyo desturi. Majina yenu ninayo. Lori ni kesho alfajiri."

Dokta akakumbuka kwamba kuna mgonjwa anamsubiri. Shehe akakusanya vikombe, hata changu ambacho kilikuwa na kahawa. Redio alibaki, akasogea taratibu mpaka kwenye boksi la Pipa, akainama. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwita kwa jina lake.

"Adinani, ndugu yangu, ile chupa uliikung'uta vizuri? Havikubaki hata viwili?"

Pipa alikuwa anakoroma.