Bibi wa Kadi

Jumatatu, 6 Mei

Mjukuu wangu anasomea kufundisha Kiingereza. Keshokutwa mkufunzi wa chuo anakuja kumpima darasani. Ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, chuo basi!

Kutwa yuko sebuleni kwangu na mkasi, maboksi na gundi ya unga. Unga WANGU! Anakata kadi za familia: baba, mama, shangazi. Ananijaribia mimi kwanza. Shule sikuikanyaga, herufi hizi nimezipata kwenye kadi zake. Wanataka mwalimu gani tena?

Jioni nikaiona kadi ya bibi. Kibogoyo! Mgongo kama upinde, nywele mbili kidevuni. Nikamuuliza ni nani huyo. Eti bibi yeyote tu. Yeyote, na kilemba changu chekundu kichwani!

Jumanne, 7 Mei

Kadi nimeitia jikoni. Imewaka vizuri, kwa ile gundi.

Kaitafuta mpaka chini ya godoro langu. Nikamsaidia kutafuta. Nikamsingizia panya. Akasema karatasi ngumu imekwisha na duka limefungwa. Moyo ukanichoma. Huyu nimemlea tangu hana jino! Nikamwambia mjukuu wangu alale, bibi yupo.

Hakuelewa.

Jumatano, 8 Mei

Nimeoga. Nimepaka mafuta. Kilemba chekundu! Nikajibanza nje ya mlango wa darasa. Kabandika babu ubaoni, mkono ukaenda kwa bibi, ukabaki hewani. Nikaingia!

Watoto walishangilia paa likataka kuruka. Wote wakasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni bibi. Mjukuu wangu akawa anaomba ardhi ipasuke.

Mkufunzi akainuka, kijana wa tai inayomkaba. Akasema zana ya kufundishia hutengenezwa kwa mkono. Nikamwambia mwalimu mwenyewe nimemtengeneza mimi, kwa mikono hii. Akamgeukia mjukuu wangu, akamuuliza zana hii ataihifadhi wapi baada ya kipindi. Akajibu kwamba nyumbani, kwa kufuli.

Mkufunzi alicheka hadi akavua miwani. Kapita! Ila Jumatano ijayo atarudi kuhakikisha.

Alhamisi, 9 Mei

Mjukuu wangu kaniapisha nisikanyage tena shuleni. Nimeapa. Kaniuliza na habari za yule panya. Nikasema panya wa siku hizi hawana haya.

Jumatano ijayo anafundisha wanyama. Nimeiona kadi ya jogoo. Shingo ya bata! Mtoto ataaibika huyu.

Kiapo ni kiapo, sikanyagi. Lakini jogoo wa jirani hakuapa. Nimeshampima, kapu la kadi za mjukuu linamtosha.