Risiti Niliyoinywa

Newtown, Birmingham
Machi 2006

Mheshimiwa Ofisa wa Kodi,

Natumaini u mzima. Mimi kuketi tu niandike barua hii kunaniuma mgongo. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa kijikaratasi chenu kimeahidi mkalimani.

Mimi ni dereva wa teksi, nimejiajiri. Mgongo huu ukikataa kabisa, gari litalala na watoto watalala njaa. Naogopa, sitaficha. Basi naomba gharama za kuutibu zipunguzwe kwenye kodi yangu kama za matairi, maana nao umechakaa kazini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhasibu wangu amenicheka. Anasema hapa matibabu ni bure, anayelipa kajitakia. Kweli daktari alinipima bure, akasema mgongo hauna kitu. Rahisi huvunja upishi.

2. Nimeumikwa kwa pembe kutolewa damu chafu, nimechuliwa kwa mafuta ya habasoda, nimevaa mkanda hadi nikashindwa kula pilau. Risiti zote zimo katika faili gumu, mahali ambapo mwizi hafiki. Kila nikiongeza risiti, maumivu nayo huongezeka, ushahidi kwamba sidanganyi.

3. Maalim Mwinjuma wa Selly Oak aliniandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nizioshe kwa marashi ninywe. Nikamwomba na risiti. Kalamu alikuwa nayo mkononi, akaiandika palepale ukingoni mwa sahani. Nyumbani, kwa pupa yangu, nikaosha sahani nzima, nikanywa. Kwa hiyo risiti ipo, ila ipo tumboni. Niko tayari kuja ofisini ikaguliwe.

4. Mke wangu, Asmahan, amehamia chumba cha watoto. Anasema nikijigeuza usiku nakwaruza. Nadhani ni mifupa. Hasara hii sijui niijaze wapi kwenye fomu.

Nisalimie wenzako wote, pamoja na dada wa simu ambaye muziki wake nimeshaukariri.

Wako niliyeinama kwa heshima na kwa maumivu,
Haroun Idarous

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Asmahan aliisoma barua, akauliza faili liko wapi. Nikamwonyesha: chini ya godoro, upande wangu, alipokuwa akiweka vitu vyake vya thamani marehemu mama. Akalibonyeza, likakwaruza. Akalichomoa, akaenda kuchukua mto wake chumba cha watoto. Nimelala kama mtoto mchanga, na dai nimelifuta. Faili nimekutumia lote. Tafadhali usilirudishe.