Upande wa Magharibi wa Mlima wa Shemeji

Jumatatu, 6 Mei
Nimemkamata! Mwenyewe bado hajui. Picha ya setilaiti imeingia leo ofisini, nikapima ukijani wa mlima wa msitu peke yangu, skrini nimeigeuzia ukutani. Mashariki, kijani kibichi. Magharibi, mlima umenyolewa kipara. Na mlinzi wa msitu ule ni nani? Shemeji. Kaka wa mke wangu, yule aliyewaambia wakwe kwamba mimi ni maneno mengi kazi kidogo. Kumbe anauza magogo. Ndiyo maana ana viatu vipya. Nafasi ya mkuu wa kitengo cha ramani iko wazi, na mtu aliyefichua wizi wa nusu mlima nani atamnyima?

Jumanne, 7 Mei
Nimemwambia Mkuu wa ofisi. Nilifunga mlango kwanza. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa setilaiti haina shemeji. Amesema Shemeji atafukuzwa kazi Ijumaa, ila kwanza niende mlimani nikahakikishe. Nikahakikishe nini tena? Kimya, jirani yangu wa meza, ameuliza kama nilirekebisha mteremko kabla ya kupima. Nimemwambia mteremko kauweka Mungu, mimi ni nani niurekebishe. Huyu naye anainyemelea nafasi yangu.

Nyumbani mdomo ukaniponza, nikaropoka. Mke wangu amesema kaka yake ana watoto wanne na mshahara ule mmoja tu. Amelala kanipa mgongo.

Jumatano, 8 Mei
Mlimani. Nimeteguka mguu. Shemeji alinipokea kwa bashasha, jambo la kutia shaka. Upande wa magharibi kuna miti. Mingi, minene, imeshonana. Niliishika mmoja mmoja nione kama ni ya kweli, siafu wakanipanda mpaka kiunoni. Nilimuuliza Shemeji ameipanda lini. Akanitazama, akasema babu yake aliikuta hapohapo. Jibu la haraka mno. Kisha akanibeba mgongoni mpaka barabarani, na hilo nalo lina yake.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeitwa kwa Mkuu. Kimya nimemkuta keshaketi. Njama. Alieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji: setilaiti yetu hupita asubuhi, jua likiwa mashariki. Mteremko unaolitazama jua hung'aa, kipimo kinapanda. Wa pili uko kivulini, kipimo kinashuka, na miti ni ileile. Ndiyo maana kompyuta huelezwa kwanza umbo la mlima, ndipo upime. Mkuu akasema nusura nimwage unga wa mtu kwa ajili ya kivuli. Niliona haya kwelikweli. Nafasi kapewa Kimya.

Nimempigia Shemeji simu, nimemwomba radhi. Akasema yaishe, akauliza mguu unaendeleaje. Mke wangu ameanza kunisemesha.

Ijumaa, 10 Mei
Kimya amenifundisha kurekebisha mteremko. Nimefanya kwa mkono wangu, kwenye picha ileile ya Jumatatu, hatua kwa hatua. Magharibi imepanda, sawasawa na alivyosema. Nikafurahi. Halafu macho yakaenda mashariki. Imeshuka! Jumatatu ilikuwa inawaka kijani, leo imefifia. Nimerudia, ikatoka vilevile. Kimya anasema ndivyo inavyotakiwa, sasa pande zote mbili zinalingana.

Eti zinalingana. Mlima gani unalingana namna hiyo bila mkono wa mtu? Picha yote imenifungukia. Miti imeng'olewa mashariki ikapandikizwa magharibi, kabla sijafika. Na Kimya anajua, ndiyo maana kanifundisha haraka hivyo.

Mke wangu amepiga simu. Amemwalika kaka yake chakula cha jioni, tupatane vizuri. Nimemwambia waanze kula bila mimi. Mkuu yuko kikaoni, nami nimeketi mlangoni pake namsubiri atoke.