Ufunguo ni Sala ya Saa Moja na Nusu

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo nimefanya jambo kubwa. Naandika taratibu nisije nikajisifu kupita kiasi.

Katika ofisi yetu ya nyaraka za parokia kuna seva. Sanduku jeusi, kubwa kama mfuko wa mchele, linavuma mchana kutwa kwenye chumba chenye feni. Ndani yake mna vitabu vya ubatizo vya parokia zilizokimbiwa kwa sababu ya vita upande wa Rutshuru, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Vingi vya karatasi vimekwisha kuungua. Majina elfu arobaini! Kila nikipita pale napunguza sauti bila kuambiwa.

Lakini mlango ulikuwa wazi. Yeyote aliyeingia kwenye mtandao wa ofisi aliweza kufungua folda yoyote, hata kuifuta. Abbé Jean de Dieu, padri na mkubwa wetu, akaagiza nipange ruhusa: nani asome, nani aandike, nani asiguse. Folda mia mbili na kumi na mbili. Kwa mkono ningemaliza Pasaka. Basi nimeandika programu, mistari thelathini tu. Nimebonyeza mara moja. Zote zimejifunga kwa sekunde nne. Nimebaki naangalia mikono yangu. Mikono ya Kakule, mtoto wa muuza maharagwe wa Butembo!

Domitille, katibu, akauliza kwa nini sikumshirikisha, maana ndiye aliyepiga picha vitabu vyote kwa miaka miwili. Nikamjibu kwamba programu haina dada wala mjomba. Akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Jumanne, 15 Oktoba

Wazo limenijia katikati ya sala. Namshukuru Mungu, ingawa somo sikulisikia.

Desturi yetu: saa moja na nusu wote tunasali pamoja, kisha kila mtu anabonyeza jina lake na namba yake ya siri kwenye tableti iliyo mlangoni. Abbé analalamika kila siku kwamba watu wanachelewa. Nani anachelewa kuliko wote? Domitille. Anatoka mtaa wa Murara na ana watoto wawili wa kupeleka shule. Na nafasi ya chef de service, yaani mkuu wa kitengo, iko wazi tangu Julai, na tunaitaka mimi na yeye.

Basi nimeiunganisha programu na orodha ya sala. Saa mbili kamili inaisoma yenyewe. Aliyesali anafunguliwa folda. Asiyesali anangoja siku ya kazi inayofuata. Sigombani na mtu, mashine inahukumu.

Abbé akauliza kama haitaleta shida. Nikamweleza kwamba hata mimi nimejinyang'anya ufunguo mkuu, ule unaofungua folda zote bila kungoja orodha, kwa sababu usalama wa kweli hauna upendeleo. Akanitazama muda mrefu. Nadhani alistaajabu.

Jumatano, 16 Oktoba

Wote wamewahi! Hata Domitille, anahema, kamba za kiatu kimoja hazijafungwa. Muzee Gauthier, mlinzi wa geti, wa kwanza kama kawaida yake. Jina lake limo kwenye orodha, kwa hiyo programu imempa na yeye ruhusa ya folda zote. Nimeacha hivyo. Mlinzi atafungua nini? Kompyuta anaipitia mbali.

Saa mbili kamili nilisimama mbele ya seva nikasikia folda zinafunguka. Najua folda hazina sauti. Nilizisikia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Domitille amefika dakika kumi na mbili baada ya saa mbili! Mtoto ana homa, anasema. Seva imemkatalia kila kitu. Nimeuma midomo nisitabasamu.

Saa nne akaja msichana, Olive, mshonaji. Anafunga ndoa Jumamosi. Paroko wake amemwambia bila cheti cha ubatizo hakuna ndoa, na kitabu chenye jina lake hakipo tena mahali pengine duniani, kipo kwetu tu. Domitille akaniomba kwa upole nimtolee mimi, maana mimi nilikuwa nimefunguliwa. Dakika tano.

Nikapiga hesabu. Nikimtolea, Abbé atajuaje kwamba katibu alichelewa? Nikamwambia Olive arudi kesho, katibu atamhudumia. Akasema, "Aksanti, papa." Nimenywa chai vikombe viwili, aksanti ile haijashuka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri habari imefika: katekista wa zamani, Samy, amefariki. Matanga yako mtaa wa Mapendo. Kwetu hakuna anayekwenda kazini kabla hajaonekana matangani. Tulitoka nyumbani moja kwa moja mpaka kule, Abbé mbele. Tumerudi ofisini saa nne. Olive alikuwa ameketi kwenye ngazi, gauni lake la harusi kwenye mfuko, bado linangoja vifungo.

Domitille akajaribu. Imefungwa. Mimi, imefungwa. Abbé mwenyewe, imefungwa! Mpaka Jumatatu. Nimejaribu kila ujanja kwa saa mbili. Hakuna hata mwanya wa kupitisha sindano. Kwa dakika nzima nilisahau balaa, nikaistaajabia kazi yangu. Halafu nikamwona Olive analia bila sauti, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Domitille akauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi: leo nani alisali? Tukaangalia orodha. Jina moja. Muzee Gauthier alibaki kulinda geti. Saa moja na nusu ilipofika aliingia, akasali peke yake, akaimba wimbo wote, akabonyeza jina lake.

Nikamwomba namba yake ya siri. Akakataa. "Wewe njo ulisema mutu asiambie mutu." Nikamwambia sheria hiyo niliitunga mimi. Akasema ndiyo maana anaiheshimu.

Basi akanawa mikono, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha Abbé. Domitille akamwongoza folda kwa folda, naye anabonyeza kwa kidole kimoja. Ukurasa ukafunguka. Mwandiko wa padri wa zamani, wino umegeuka kahawia. Muzee akasimama wima.

"Hii kitabu naijua, ya parokia yetu. Ilikuwaka kwa meza ya sakristia. Sisi tulisemaka iliungua."

Mimi niliyeweka makufuli yote haya sikuwa nimewahi kufungua hata ukurasa mmoja. Kumbe ndani mna watu. Mtoto wa fulani na fulani, mama wa ubatizo fulani, alama ya msalaba ya aliyeshindwa kuandika. Tukashuka mstari kwa mstari mpaka Olive, wa tatu kutoka chini. Muzee akaligusa jina kwenye kioo. "Mama, uko humu."

Machozi yalinitoka mbele ya Domitille. Nimesema ni vumbi. Cheti kimetoka saa saba, na kila mtu alitaka kukishika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ndoa! Olive amealika ofisi nzima. Muzee Gauthier amewekwa mbele pamoja na familia. Mimi nyuma, kando ya nguzo. Paroko alisoma jina la Olive na la wazazi wake kutoka kwenye cheti, na kina mama waliokimbia kutoka Rutshuru walipiga vigelegele. Nilikuwa karibu kuzuia jambo kubwa hivi kwa dakika kumi na mbili za Domitille.

Nje ya kanisa Abbé amenieleza taratibu: Domitille ndiye chef de service. Ufunguo mkuu urudishwe, atakaa nao yeye. Orodha ya sala iondolewe kwenye seva. Nimekubali yote. Nimempa Domitille mkono, na nilimaanisha.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetafakari tangu misa. Programu haina kosa. Kosa ni la orodha. Sala ya asubuhi ni jambo la nje tu, matanga moja yanaivuruga. Ruhusa inataka kitu cha ndani zaidi.

Kitubio! Aliyeungama wiki hii afunguliwe folda. Ambaye hajaungama, angoje. Nani atapinga? Usalama na wokovu kwa mistari ileile thelathini. Nimepata baridi mgongoni kwa uzuri wake.

Kuna tatizo moja. Orodha hiyo anayo Abbé peke yake, kichwani. Kesho nitamwomba anitumie kila Ijumaa. Majina tu. Dhambi zenyewe abaki nazo.