Mwizi wa Magunia Asiitwe Reginald

Lulindi, Masasi
19 Novemba

Kwa Ndugu Felix,
Mhariri, Jarida la Uwandani,
Newala.

Ndugu Mhariri,

YAH: MTU WENU ANAYETUMIA JINA LANGU

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mawingu yanakuja kila siku kutudanganya na kuondoka, lakini tu wazima. Nikishakusalimu, naomba nilalamike.

Mimi naitwa Reginald Gerson. Nina miaka sitini na minane, ni mkulima wa korosho, na kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mpiga kengele wa kanisa letu. Jina la Reginald nilipewa kwa kumkumbuka babu yangu mzaa baba, aliyebatizwa hapa hapa misheni. Lulindi nzima, aliye hai mwenye jina hilo ni mimi peke yangu. Nimelitunza. Sijalifikisha polisi wala kilabuni.

Mwezi wa sita mkaanza kuchapa hadithi ya Mwalimu Furaha iitwayo "Magunia ya Reginald". Huyo Reginald wenu anatia mawe kwenye magunia ya korosho ili yazidi uzito, ana mke wa siri Tunduru, na akikutana na mzee njiani hamwamkii. Ndugu Mhariri, mawe nilivumilia. Mke wa Tunduru nilivumilia. Lakini Reginald apite bila kusema shikamoo!

Madhara yaliyonipata mpaka leo ni haya:

1. Mwezi wa kumi nilipeleka korosho zangu kupimwa. Mpimaji, mtu mzima mwenye akili zake, alisoma jina langu kwenye karatasi, akanitazama, akafungua gunia la kwanza, akazamisha mkono mpaka kwapani.

"Shikamoo mzee," akasema, mkono ukiwa bado ndani.

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Samahani, mzee wangu. Ni jina tu."

Nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na saba kwenye foleni. Walicheka wote, hata mzee mmoja kiziwi.

2. Mke wangu Julia, ambaye nimeishi naye miaka arobaini na mmoja, alinikuta nashona begi langu lililofumuka. Akauliza, "Baba Walter, Tunduru unakwenda lini?" Nikadhani anatania. Kweli alikuwa anatania, lakini nusu tu. Ile nusu nyingine ilikaa siku tatu bila kunisemesha.

3. Hili ndilo lililonikalisha chini niandike. Mwanangu Walter anaishi Masasi mjini na mkewe Nancy, fundi cherehani. Nancy ni mjamzito na mwezi huu ndio wake. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Sikuwahi kuliomba jambo hilo, maana mtu haombi kitu kinachokuja chenyewe. Nilikwenda kuwajulia hali, nimebeba kuku wawili. Nancy akapiga goti, akaniamkia, akanipa chakula, nikala. Kisha akasema, "Baba, naomba usinielewe vibaya. Akiwa wa kiume tumepanga aitwe Jayden."

"Ni jina la nani katika ukoo wenu?"

"Si la mtu, Baba. Ni zuri tu."

"Na Reginald?"

Akainamia cherehani yake. "Baba, wateja wangu wote wanaifuata ile hadithi. Mimi mwenyewe ndiye ninayewasomea hapa. Mwanangu ataanza shule wenzake wanamwita Magunia."

Nikaaga. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kuwa nimerudi na kuku mmoja, na sijui kwa nini nilimwacha mmoja tu. Jioni ile nilikwenda peke yangu mikoroshoni, nikalitamka jina langu kwa sauti, mara tatu, nisikie kama limebadilika. Sikupenda nilivyolisikia.

4. Nilikupigia simu wewe, Ndugu Mhariri. Ukanijibu kwa upole, "Mzee, hadithi ni hadithi tu," na simu ikakatika. Nikapanda basi kuja Newala kumwona mwandishi mwenyewe. Mwalimu Furaha alinipokea vizuri, akanitengea chai na viazi vitamu. Nikamuuliza jina hili alilitoa wapi.

"Mzee wangu," akasema, "mhusika wa kiume lazima awe na jina zito. Nikimpa jina la kila siku, msomaji atamfikiria jirani yake. Nilitaka jina la kale, lisilo la kawaida, lisilo na mwenyewe. Nilidhani akina Reginald wamekwisha."

"Mimi bado sijaisha, Mwalimu."

Akaona aibu, akaniongezea chai. Akaahidi kwamba nikimletea jina jingine la kiume, la kale, zito, na lisilo na mwenyewe, atalibadilisha katika toleo linalofuata. Nikaona hiyo ni kazi ya siku moja. Imenichukua wiki tatu.

5. Nilianza na Sijaona, dereva wa bodaboda aliyekuwa akinirudisha kutoka Masasi. Nikamwambia jina lake linamfaa sana mwizi, kwa sababu hata polisi wakimuuliza jina, atakuwa ameshajitetea. Alisimamisha pikipiki porini. "Babu," akasema, "mimi nabeba watu na mizigo yao. Nani atamwachia begi Sijaona mwizi?" Safari iliyobaki alinisikilizisha injini tu.

Ashiru, muuza vitunguu sokoni Masasi, alikubali kabla sijamaliza kueleza. Ila alitaka mhusika awe mrefu, asikamatwe, na wake wa Tunduru wawe wawili. Nikampigia simu Mwalimu Furaha. Akasema hiyo ni hadithi nyingine.

Basi nikarudi nyuma zaidi, kwenye majina ya kabla ya misheni. Nikakumbuka jina moja nililolisikia utotoni, sikumbuki wapi: Chinduli. Ni la kiume, ni zito, na sijaliona katika daftari lolote la ubatizo. Nilifurahi hata nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nikaenda Lupaso kwa shangazi yangu Paulina, mwenye miaka tisini na minne, anihakikishie kwamba halina mwenyewe.

"Chinduli?" akauliza. "Awe nani?"

"Mwizi, shangazi. Wa hadithini tu."

Alininyang'anya kikombe mkononi na uji wake. "Huyo ni baba yangu! Ndiye babu yako huyo! Alipokwenda kubatizwa, padri alishindwa kulitamka jina lake, ndiyo wakampa hilo la Reginald. Leo unamleta kwangu ni mwizi?"

Ndugu Mhariri, katika kutafuta mtu wa kunipokea mzigo huu, nilikuwa nimekwenda kumtwisha babu yangu yule yule, ila kwa jina lake la kwanza. Nilipalilia shamba la mihogo la shangazi kwa siku mbili ndipo akakubali kuniitikia shikamoo.

6. Utafiti wangu umenifundisha kwamba jina lisilo na mwenyewe halipo. Kila jina nililolibishia hodi, mtu aliitika kutoka ndani. Kwa hiyo ninaomba mambo machache tu.

Mwizi wenu asiwe na jina. Aitwe "yule bwana", na hadithi iitwe "Magunia ya Yule Bwana". Kama hilo litamsumbua Mwalimu, basi katika toleo la Desemba Reginald atubu, atoe mawe yote, kisha azunguke kijijini na kuwaamkia wazee mmoja mmoja, hata ikihitaji kurasa nne. Kama kurasa hazitoshi, chapeni chini ya kila ukurasa kwa herufi nene: "Reginald huyu siye yule wa Lulindi." Picha yangu ninayo, ya mwaka jana, nimevaa koti.

Na kama yote hayo yanashindikana, nimeona katika ukurasa wenu wa pili kwamba wewe unaitwa Felix. Nimelipima jina hilo kwa vipimo vya Mwalimu. Ni la kale. Si la kawaida. Linatamkika vizuri hata kwa hasira. Ni kweli lina mwenyewe, lakini mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba hadithi ni hadithi tu, hivyo sioni kitakachomuumiza. Jarida likitoka na "Magunia ya Felix", nitanunua nakala kumi na kuzigawa kanisani.

Naomba ujibu kabla Nancy hajajifungua.

Nisalimie Mwalimu Furaha, na umwambie viazi vyake vilikuwa vitamu pamoja na mambo yote. Wasalimie wachapaji, mlinzi wa geti lenu aliyenionyesha kivuli cha kukaa nilipopita kuulizia kwa Mwalimu, mkeo, na watoto wenu, hasa wa kiume, ambaye ninaamini amepewa jina la babu yake.

Ni mimi, ninayelinda jina,
Reginald Gerson (wa kweli)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni Walter alipopiga simu. Nancy amejifungua salama. Mtoto ni wa kike. Mimi na Mama Walter tumetoka kumwona sasa hivi, na ninaandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali. Wamemwita Agatha. Nikauliza jina hilo limetoka wapi, Nancy akasema limo katika hadithi yenu, toleo la Septemba, yule muuguzi aliyemfungia Reginald mlango usoni. "Ni la kale, Baba, na si la kawaida." Nilimbeba, nikamwita jina lake, akafumbua jicho moja.

Kwa hiyo mambo yote niliyoomba hapo juu nayafuta. Reginald mwacheni aitwe Reginald. Mwongezeeni mawe, mwongezeeni wake, mfungeni mkipenda. Lakini huyo Agatha, mwambie Mwalimu Furaha kwamba kuanzia toleo lijalo asiseme uongo, asiugue, asipigwe na mvua, na asiolewe na mtu yeyote kabla mimi sijaulizwa.